Mwenyekiti wa Pande Mbili za Reli

Niseme mapema: ile nusu ya ndevu haikuwa kosa langu. Mnyuzi nzima walinicheka, eti kinyozi gani anamnyoa mtu shavu moja halafu anamwachia aende zake. Sikilizeni basi ilivyokuwa.

Mimi ni kinyozi. Shule niliishia darasa la saba, mashine nikafundishwa na binamu yangu Korogwe mjini, kule Kilole, nikarudi nyumbani nikafungua kibanda hatua chache kutoka reli. Kioo changu kina ufa katikati, ukikaa unajiona wawili. Wateja wengine wanalalamika. Mwenyekiti wa kitongoji chetu alikipenda. "Kioo kizuri hiki," aliniambia. "Hata mtu akiwa peke yake anapata wa kupingana naye."

Alikuwa anakuja kila Ijumaa. Akikaa tu, kabla sijamfunga kitambaa, anageukia benchi la wateja: "Ndugu wananchi, ndevu zibaki au ziende?" Watu wananyoosha mikono, anahesabu mwenyewe kwa sauti, kidole kiko hewani. Zikienda, zinaenda. Zikibaki, anabaki nazo hata kama zinamwasha. Na kulikuwa na sheria: akidi ya saluni ni watu watano. Chini ya watano hakuna uamuzi, kuna maneno tu.

Siku hiyo benchi lilikuwa na watu watano kamili, wakasema ziende. Nimemaliza shavu la kulia, mmoja akasema, "Aa, mi nabadilisha. Hivi anafanana na mjomba wangu, na mjomba wangu simpendi." Mwenyekiti akainua mkono nizime mashine. Mtu akibadilisha mawazo kura inarudiwa, hiyo nayo ilikuwa sheria yake. Kabla haijarudiwa, treni ya mizigo ikapiga honi kule mbele, wawili wakatoka mbio kwenda kutoa mbuzi wao relini. Wakabaki watatu.

"Mwenyekiti, nimalizie tu," nikamwambia. "Shavu moja, dakika mbili."

"Akidi haijatimia."

"Mzee, si uso wako huu!"

"Uso wangu. Uamuzi si wangu."

Akavua kitambaa, akakikunja vizuri kama shuka la mgeni, akaenda zake na shavu moja la mzee na shavu moja la kijana. Siku tatu. Jumapili kwenye mkutano ukikaa kulia kwake unaona mtu mwingine, ukikaa kushoto unaona mtu mwingine. Bibi mmoja alimwamkia mara mbili.

Mwenyekiti kazaliwa wapi, sijui. Wapo wanaosema babu yake aliletwa na mkonge kutoka mbali huko, wapo wanaosema hapana, ni Mzigua wa hapahapa. Ukimuuliza anakujibu, "Hilo halina kura, liache." Nami nimeliacha.

Chama hakuwa nacho. Sasa kwetu hata kitongoji huwezi kugombea bila chama. Fomu ina mahali pa kujaza jina la chama, usipojaza wewe si mgombea, wewe ni mpita njia. Miaka mingi alizunguka akisema mtu aruhusiwe kusimama kwa miguu yake mwenyewe. Watu wakamsikiliza kama wanavyomsikiliza anayetaka mvua inyeshe kwa zamu. Mwisho akapanda gari, akaenda mjini akaazima chama, kama mtu anavyoazima koti la harusini. Chama kidogo, hata rangi zake sizikumbuki. Akashinda.

Wiki haijaisha, viongozi wa kile chama wakaja na bendera na mlingoti wake.

"Mwenyekiti, tusimike wapi?"

"Ngoja niwaulize wenyewe."

Akagonga kipande cha reli kinachoning'inia pale kwake, watu wakaja, wakapiga kura. Bendera ikakataliwa. Mlingoti ukakubaliwa, mpaka leo umefungwa kamba ya kuanikia nguo. Kiongozi mmoja akapandisha hasira: "Kwani wewe ni wa kwetu au wa nani?" Akamjibu kwa adabu kabisa, "Koti ni lenu, mwili ni wangu. Mkilitaka, nawavulia sasa hivi." Wakasema watarudi kumshughulikia. Hawajarudi. Nadhani nauli iliwashinda.

Kura zetu hazikuwa na karatasi. Zilikuwa na miguu. Alitutoa nje ya ile ofisi ya bati ya kitongoji, akatupeleka relini. Anayesema ndiyo anasimama upande wa mlima, ule unaotazama Usambara. Anayesema hapana anasimama upande wa mkonge. Katikati ya reli hakukaliki. "Usiyejua unachotaka," alisema, "kaa hapo katikati, treni itakuamulia." Wote wakishapanga mistari, yeye anapita juu ya mataruma ya reli, anahesabu, kidole hewani, mmoja, wawili, watatu, mpaka mwisho. Hakuna mtu aliyewahi kumwibia kura, maana utamwibiaje mtu miguu?

Tulipiga kura za kila kitu. Bomba la maji likae wapi. Ng'ombe wa Wamasai wapite njia ipi wasikanyage maharage. Kengele ya shule igongwe mara ngapi. Kuna siku tulikaa mpaka jua likazama tunapiga kura kama tupige kura. Mimi nilikuwa nashangilia tu, vituko vile huvipati hata kwenye video. Nilikuwa namuiga pale kibandani, natembea juu ya benchi na kidole juu, watu wanalala chini kwa kicheko. Siku moja nimefika "arobaini na mbili", nikamwona kasimama mlangoni. Nikaganda. Akaniangalia, akasema, "Umeruka thelathini na tisa. Rudia."

Lakini msidhani ilikuwa michezo. Upande ule wa mkonge kuna mashamba yaliyoachwa tangu mkonge ulipokufa. Mama yangu analima mahindi humo, na nusu ya kitongoji wanalima humo. Karatasi hatuna. Tuna majembe. Siku moja akaja bwana mmoja na gari jeupe na mkoba, akakaa na Mwenyekiti, akamtolea makaratasi, akamwonyesha mahali pa kutia saini ili eneo lipimwe. Mwenyekiti akayachukua yote, akatoka nayo hadi relini, akagonga chuma. Bwana wa watu alisimama juani na tai yake, tunajipanga. Upande wa mlima alisimama mtu mmoja tu, naye alikuwa kiziwi, tulimvuta.

"Saini yangu ndiyo hiyo," Mwenyekiti akamwambia, akatuonyesha sisi. "Ukiweza kuikunja uiweke mkobani, chukua."

Mama yangu alilia siku ile. Na mimi nikaacha kumuiga kwa wiki nzima.

Kuna mtu mmoja lazima nimtaje, maana bila yeye haya mengine hayaeleweki: fundi baiskeli. Kibanda chake kilikuwa kinabana njia ya kwenda zahanati, na kilikuwa hapo tangu mimi sijazaliwa. Jambo hilo likaletwa relini. Fundi akasimama upande wa mkonge na mkewe na watoto wake. Sisi wengine wote mlimani. Akaangalia mstari wake, akaangalia wetu. Wazee wakamsogelea Mwenyekiti, "Mwachie mwaka mmoja, ana watoto." Mwenyekiti akasema, "Mnaotaka aachiwe, vukeni reli." Hakuna aliyevuka. Siku ya tatu fundi akabomoa mwenyewe, akabeba mabati kichwani kwenda kule bondeni ambako hapiti mtu. Alipopita mbele ya kibanda changu nikamtania, "Fundi, unahama na nyumba kama konokono!" Hakucheka.

Sasa nyumbani kwa Mwenyekiti.

Huyu mtu aliyemuuliza kila kiumbe maoni, nyumbani kwake hakukuwa na kura. Chakula saa fulani. Redio stesheni fulani. Alipanda michungwa mahali mkewe alipotaka bustani ya mchicha, hakuuliza. Mkewe ni Msambaa, mama mwembamba mwenye mdomo kama wembe mpya. Kwenye mikutano alikuwa anaangalia mumewe kasimama wapi, halafu anavuka kwenda upande wa pili, kila siku, hata kama jambo analipenda. Siku ya bomba la maji alisimama upande utakaolipeleka mbali na mlango wake mwenyewe. Watu wakamuuliza, mama, we vipi, si utabeba ndoo? Akajibu kwa sauti, mumewe akiwa anahesabu karibu yake: "Nyumbani sina kura. Ya kwangu naipigia hapa." Mwenyekiti akamnyooshea kidole, akasema, "Kumi na nane," akaendelea.

Alibeba ndoo miaka mitatu. Mumewe hakumsaidia hata siku moja, wala yeye hakuomba.

Halafu mama huyo akaanguka. Kiharusi. Upande wa kulia ukalala wote, mguu, mkono, na nusu ya mdomo. Ajabu ni kwamba ile nusu iliyobaki ilikuwa inatosha. Binti yao anaishi Handeni mjini, nyuma ya soko, karibu na hospitali. Akaja kumchukua mama yake. Mwenyekiti akambeba mgongoni mpaka kwenye gari. Hilo nililiona kwa macho yangu. Mama akasema pale mgongoni, maneno yanatoka kwa shida, "Leo ndo... umenibeba... kumbe unaweza." Watu tukacheka, naye akacheka, Mwenyekiti hakucheka.

Ijumaa ile alikuja kunyolewa, hakuuliza benchi kitu. Alikaa tu. Nikaona shida.

Mtendaji wa kijiji alimwambia mbele yangu, "Mwenyekiti, andika barua ya kujiuzulu, mistari miwili, nakugongea muhuri, kesho uko Handeni kwa mkeo."

"Barua ni ya mtu mmoja," akajibu.

"Na ugonjwa ni wa watu wangapi?"

Jumapili akaleta jambo lake relini.

Alisimama juu ya taruma, kofia mkononi. Akasema, "Ndugu wananchi, mke wangu anaumwa. Naomba mniruhusu nikakae naye. Wanaokubali, mlimani." Watu wakaanza kwenda mlimani, polepole, vichwa chini, wanawake kwanza. Nikahesabu kwa macho, nikaona wanazidi nusu. Na mama yangu alikuwa kati yao, yule wa shamba la mahindi.

Hapo mdomo wangu ukaniponza. Nikapiga kelele, "Haya, nendeni! Na yule bwana wa gari jeupe akirudi, saini atatia nani? Mbuzi?"

Wakacheka. Na kicheko, jamani, kina miguu. Mmoja akarudi upande wa mkonge, wa pili akamfuata, wakawa wanavuka reli wanacheka bado, wengine wanaigiza mbuzi anatia saini kwa kwato. Mama yangu akavuka mwisho. Upande wa mlima wakabaki wachache, wengi wazee wasioweza kuvuka upesi.

Mwenyekiti akapita na kidole chake. Aliponifikia mimi hakukiinua zaidi wala hakukishusha. Akataja namba yangu, akapita. Akahesabu mpaka wa mwisho, akatangaza mwenyewe, sauti ileile ya siku zote: "Hapana imeshinda. Nakaa."

Alilileta tena baada ya masika. Hapana. Siku hiyo sikutania, lakini nilisimama palepale kwenye mkonge. Ningevuka ningeonekana vipi?

Mara ya tatu wengine waliona haya. Mzee mmoja akasema, "Jamani, mtu na mkewe. Kwani tunafunga mbuzi?" Ndipo fundi baiskeli akatoka kule nyuma. Tangu ahame alikuwa haongei mikutanoni. Akasimama karibu kabisa na Mwenyekiti, akamwambia taratibu, wala hakuwa na hasira:

"Mwenyekiti, mimi nilikuwa na watoto na kibanda kimoja. Mstari ukasema hama. Nikahama. Nilikuomba nini?"

"Hukuniomba kitu."

"Basi. Leo mstari unakuambia kaa."

Mwenyekiti akainamisha kichwa. "Umesema kweli, fundi."

Lakini fundi si mtu mbaya. Yeye ndiye aliyetoa wazo kwamba Mwenyekiti aende Handeni kila Jumamosi, na Jumamosi hiyohiyo jioni awe amerudi, maana Jumapili kuna mkutano. Hilo likapita kwa kura nyingi. Tulipiga makofi. Tulijiona watu wa huruma sana.

Tangu hapo ungemwona Jumamosi alfajiri kasimama barabarani na kimfuko cha machungwa, kama mwanafunzi aliyepewa ruhusa. Akirudi jioni anapita mbele ya kibanda changu, ananiambia, "Nimefika," kama anayesaini daftari la walimu. Sijui kwa nini alikuwa ananiambia mimi.

Mwezi uliopita mashine yangu ikafa. Fundi wa mashine hizo yupo Handeni, kwa hiyo Jumamosi nikapanda naye gari la Noah kutoka Korogwe. Njia nzima nilitafuta cha kutania, nikaishia kuulizia mvua. Tukatelemka sokoni, nikaacha mashine kwa fundi, saa kumi nikaifuata, imepona, nikasema si adabu kurudi bila kumwamkia mama.

Nyumba ya binti ina baraza dogo la saruji. Mama kakalishwa kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kulia umelala mapajani kama wa kuazima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kinyozi... bado unasema sana?"

"Nimepunguza, mama."

"Muongo." Akamgeukia mumewe aliyekuwa anammenyea chungwa, anamtolea na mbegu moja moja. "Huyu mgeni wangu... mnyoe. Kila Jumamosi... ananiletea majani."

Kweli ndevu zilikuwa zimeota ovyo. Ijumaa siku hizi alikuwa haji. Nikamkalisha kwenye kigoda mbele ya mama, nikamfunga khanga shingoni, binti akanitolea waya wa umeme dirishani. Nikawasha mashine. Mazoea ni kitu kibaya, nikauliza kama siku zote: "Haya Mwenyekiti, zibaki au ziende?"

Akageuza kichwa kutafuta benchi. Benchi halipo. Kuna mkewe, kuna binti kaingia jikoni, kuna mimi.

Mama akasema, "Mimi nina... swali lingine."

"Sema," akamwambia.

"Anayesema huyu mzee abaki hapa... asirudi Mnyuzi... anyooshe mkono."

Akainua wa kushoto. Ulipanda mpaka juu ya kichwa, vidole vimefunguka vyote vitano.

Mashine inanguruma mkononi mwangu. Nikamwangalia Mwenyekiti, yeye hakuniangalia, alikuwa anaangalia ule mkono. Na mimi nikainua wangu, pamoja na mashine, ikawa inanguruma huko juu. Sikutania. Sijawahi kupiga kura nzito kama ile, na hata reli haikuwepo.

Akatoa kidole chini ya khanga. Kilikuwa na maji ya chungwa.

"Mmoja," akamnyooshea mkewe. Akakaa nacho hapo muda. Kisha kwangu: "Wawili."

Binti akatoka na chai, akatukuta hivyo, akaweka sinia chini haraka, akainua wake bila kuuliza ni kura ya nini.

"Watatu," akasema Mwenyekiti. Akageukia barabarani, na ninaapa alikuwa anatafuta mtu. Akapita muuza mkaa na baiskeli yake, akatuangalia mikono juu kama tumekamatwa, akaendelea zake. Hakupita mwingine.

"Mwenyekiti," nikamwambia, "hesabu na wewe. Inua wako. Tutakuwa wanne. Wa tano nitakwenda kumleta sokoni, nitamvuta hata kiziwi."

Kidole kikarudi chini ya khanga.

"Huyo wa sokoni si wa kitongoji chetu," akasema. "Akidi haijatimia, mwanangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mwanangu.

Akajifungua khanga mwenyewe, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye mapaja ya mkewe. Akamsafishia mdomo kwa kidole gumba. Akamwambia, "Jumamosi." Gari la mwisho la Korogwe lilikuwa la saa kumi na moja, na ilikuwa imebaki robo saa. Nikakunja waya wangu. Tulipofika kona ya soko yeye hakugeuka nyuma, mimi niligeuka.

Mama alikuwa bado hajaushusha mkono.